Rabi Feivel Lindauer na Hati Iliyokosekana

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Yoel, mtoto wa kiume wa pekee wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Rabi Feivel Lindauer, aliyezaliwa Antwerp tarehe 3 Machi 1946, akaletwa Haifa mwaka 1951 akiwa na koti moja na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka jana.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa mtaani, kisha chuo cha Torati Yerusalemu, akahitimu mwaka 1969, akafundisha, na mwaka 1977 akawa rabi wa sinagogi letu, akimwoa mama yetu Hadasa katikati ya hayo yote, tarehe 15 Machi 1972, na Mungu akawajalia watoto watatu, Menuha, mimi na Tirza.

Kwa miaka thelathini na moja aliandika gazetini kila Ijumaa, kuhusu sikukuu zetu na maisha ya siku hizi, akijibu mambo ya lifti siku ya Sabato, ya simu kwenye meza ya Pasaka, ya vijana wanaojenga kibanda cha sikukuu kwenye roshani isiyoona anga, na kila mwaka aliwasihi wachumba wasiingie kwenye ndoa kabla ya kutia sahihi ule mkataba unaombana mume asiyetaka kutoa hati ya talaka, kwa sababu hati hiyo mume huitoa kwa hiari yake mwenyewe, na hakuna rabi awezaye kuitoa badala yake, na bila hiyo mke hawezi kuolewa tena.

Tarehe 12 Juni 2008 alimwozesha Tirza kwa Elhanan Rotfeld, mwanafunzi wake kipenzi, na mkataba ule hakuuweka mezani. Mama alimnong'oneza, "Feivel, karatasi iko wapi?" naye akamjibu, "Hadasa, usinitie aibu, huyu ni kama mwanangu." Mwaka 2012 Tirza alirudi nyumbani na masanduku mawili, na hati hakupewa.

Sabato ya kabla ya Pasaka, tarehe 8 Aprili 2017, baba akiwa amekwisha fungua gombo la Torati, Tirza alisimama upande wa wanawake akazuia kusomwa, kama desturi yetu inavyomruhusu kila aliyedhulumiwa, akasema, "Baba, hamsomi mpaka Elhanan anijibu." Elhanan akasema kwa sauti ya upole, na upole huo ndio unaoniudhi mpaka leo, "Nitatoa siku nitakayojisikia." Baba alilifunika gombo, akaketi, akakataa kuendelea, watu wakakaa na njaa mpaka saa nane mchana, na Elhanan akatoka zake kwa mlango wa pembeni. Ijumaa iliyofuata baba aliandika mistari miwili tu, kwamba aliwafundisha wengine kujilinda, akamwacha binti yake wazi kwa kuona haya.

Figo zilimlemea kuanzia Novemba 2020. Alhamisi iliyopita Elhanan alikuja hospitalini kuomba baraka, baba akamshika mkono akamwomba hati, akajibiwa, "Pona kwanza, mwalimu wangu, tutazungumza." Baba hakumwachia mkono kwa muda mrefu, mpaka muuguzi akaja kuwatenganisha, na Baba akafariki jana, Jumanne tarehe 15 Februari 2022, saa moja asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu bila kuulizwa, na walimu wenzake walioketi naye kwa zamu. Elhanan naye amekuja, ndiye aliyeshika machela ya mwili wa Baba upande wa mbele, wengi mmemwona, na baadhi yenu mmempa pole kama mwana wa nyumba hii, nami sina neno la kumshukuru.

Pumzika kwa amani, Baba, ukiweza. Tirza ana miaka thelathini na sita, na bado ni mke wa mtu.