Ananie Kataliko na Watu Wake wa Sementi wa Vuhovi

Ndugu yetu Ananie Kataliko alizaliwa Alimbongo tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa baba Salomon na mama Bénite, watu wa shamba na wa sala.

Alisoma shule ya misioni. Mwaka 1966 wanafunzi waliigiza mchezo wa Wagiriki wa kale: mfalme anakataza kijana asizikwe, dada yake anamzika, naye anauawa. Ananie alikuwa askari wa kumkamata yule dada. Alipomshika mkono akalia, watu wakacheka sana. Nyumbani alimwambia dada yake, Kanyere: "Nililia, lakini nikamukamata tu."

Alikuwa mwashi Butembo. Mwaka 1975 alimwoa Mariette, Mungu akawapa Lévi na Keren. Tangu 1984, kwenye kiwanja chake cha Vuhovi, aliwasimamisha watu wa mchezo ule kwa sementi: mfalme, askari, wazee. Mama za soko walimtania: "Ananie, hawa batu bako hapana kula, hapana kulima!"

"Hapana kupiga mutu vilevile," alijibu.

Yule dada wa mchezo tu ndiye aliyemshinda kumaliza. Alilala kibandani miaka yote, mikono imejaa udongo, hana uso.

Tarehe 17 Aprili 2001 askari walimuua Lévi kwa kuwa alikataa kuwabebea mizigo. Wakamwacha kando ya barabara, wakisema: "Hapana kuzika. Batu baone." Mchana mvua kubwa ikawakimbiza askari waliolinda maiti. Ananie na Kanyere wakamlaza Lévi kwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wakamfunika kwa mifuko ya sementi, wakamsukuma mpaka nyumbani. Walimzika bila wimbo. Juu yake Ananie akajenga msingi, akamsimamisha yule dada.

Kesho yake askari wakaja kutafuta maiti.

"Muzee, huyu mwanamuke iko nakamata nini?"

"Udongo."

"Ya kulima?"

"Ya kufunika ndugu yake."

Wakacheka, wakaketi juu ya msingi, wakavuta sigara. Ananie aliendelea na kazi, na hapo uso ukaja: uso wa Mariette, aliyekuwa akiwatazama kutoka jikoni.

Mariette hakumaliza mwaka. Kisha kifua cha Ananie kikaharibika, na kila alipopelekwa hospitali, askari wa barrière, kizuizi cha barabarani, walimrudisha. Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2003. Waliomuua Lévi wamebadili nguo tu. Wanapita hapa wakitusalimia. Tunaitikia kwa sababu tu Neno linatuamuru.

Ameacha binti yake Keren, wajukuu, na dada yake Kanyere. Leo anazikwa kando ya Lévi, mchana, tukiimba kwa sauti, bila kumwomba askari ruhusa. Bwana ampokee katika amani yake. Udongo tunao mikononi.