Biasha binti Kondo, Aliyeandikwa Kidudu

Tunayemzika leo Alhamisi, tarehe 18 Julai 1907, hapa makaburini Kiongoroni, ni Biasha binti Kondo. Alitakiwa azikwe jana. Sababu ya kulazwa ndani siku nzima itasemwa wazi, maana marehemu hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, na anayeisoma karatasi hii, Bushiri bin Khamisi, mtoto wa kaka yake, hataanza kumung'unya mbele ya jeneza lake.

Biasha alizaliwa hapa hapa Kiongoroni, Ijumaa tarehe 7 Machi 1862, katika kabila la Wabui, wenye mikono miwili, miguu sita na macho manane. Mama yake, Bi Kuruthumu, alibeba mayai thelathini na moja mgongoni siku arobaini, katika mfuko aliousokota kwa uzi wa mwili wake. Yote yakaanguliwa. Waliofika kujivua gamba la kwanza ni wawili tu, Khamisi na Biasha. Kwetu mtoto hapewi jina kabla ya hapo, lakini wale ishirini na tisa nao walizikwa kwa sanda, kila mmoja na kipande chake, na Bi Kuruthumu aliwalilia mmoja mmoja. Wanaosema Wabui hawana uchungu wa mtoto hawakumwona bibi yule.

Alisoma chuoni kwa Mwalimu Bwanaheri kuanzia mwaka 1869. Siku ya kwanza alipanda juu ya boriti, akaning'inia kichwa chini. Mwalimu akamwambia, "We mwana, teremka, chuo hakisomwi darini." Akajibu, "Mwalimu, huku juu naona misahafu yote." Aliachwa huko huko, akahitimu akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mpaka utu uzima, akipewa barua, aliigeuza juu chini kwanza ndipo asome.

Mwaka 1881 aliolewa na Abdurahmani, mtu wa miguu miwili kutoka Mkongo, aliyekuja kukata boriti za mikoko. Mbui husikia kwa miguu, na kwa desturi yetu mchumba hufunga uzi kutoka mlangoni kwake mpaka kwa mwenzake. Kila jioni Abdurahmani aliuvuta mara tatu, yaani kafika salama. Siku moja mbuzi wa jirani akajinasa, akauvuta mara thelathini. Biasha akatimua mbio na sufuria ya wali, akidhani bwana anakufa kwa njaa. Harusi ikaharakishwa, kwa aibu. Abdurahmani alitangulia mbele ya haki mwaka 1899, na kaburi lake ndilo hili la pembeni.

Kazi yake ilikuwa kushona nyavu, na baadaye kushona watu. Uzi wa Mbui haumdhuru mwenye jeraha, wala hautolewi. Hubaki mwilini uking'aa. Vita vilipoanza, Agosti 1905, waliokunywa yale maji wakaambiwa risasi zitageuka maji, walianza kuletwa hapa kwa mitumbwi kutoka Mkongo na Kibiti, matumbo wazi. Biasha hakumuuliza mtu alikunywa nini. Alishona.

Wakubwa wa Kijerumani wakapata habari. Januari 1906 askari walikuja kumkamata. Ikumbukwe kwamba Mbui hujivua gamba kila baada ya miaka michache mpaka kufa kwake, nasi husema "amehama". Gamba hutoka zima, na miguu na kucha na vioo vya macho, likaning'inia kwenye mkoko kama mwenyewe. Mwenye nalo hujificha siku tisa, mwili laini kama ute wa yai, hagusiki. Askari walimkuta jirani yake, Bi Mwanajuma.

"Biasha yuko wapi?"

"Kahama, bwana. Jana tu."

Wakadhani anawachezea shere. Walipoingia mikokoni wakaliona gamba, wakalichoma singe mpaka likachanika, wakalibeba kwa shangwe. Mmoja wao akapandishwa cheo kwa ushujaa wa kuua ngozi tupu! Naye karani wa akida akaandika katika daftari: "Kidudu kimoja kikubwa, kimeuawa."

Kimoja. Kama kikombe. Karani yule kasoma, anajua "mmoja" ni nini na "kimoja" ni nini. Hakukosea. Alikusudia.

Biasha aliposikia alicheka. Kwa mwaka mmoja na nusu aliishi maiti wa daftarini, akishona. Lakini mashamba ya mpunga kule bondeni Mkongo yalikuwa yamechomwa na askari, na chakula hakikuja tena. Gamba halitoki kwa tumbo tupu. Jumapili iliyopita lilimpasuka mgongoni, likakwama miguuni, likambana siku tatu. Akafa jana alfajiri. Watu watasema ni ajali ya kimaumbile. Si ajali. Waliochoma ule mpunga ndio waliomuua, na safari hii hawakuua ngozi.

Tangu vita hatukusanyiki bila ruhusa ya akida, kwa hiyo mwanawe Swalehe alikwenda kwa karani aliyepiga kambi hapa kijijini. Karani akafunua daftari.

"Hiki kilikwisha kufa mwaka jana. Na vidudu havizikwi na watu. Kitupeni mtoni."

"Bwana karani, huyo ni mama yangu."

"Nimekwambia, kitupeni."

Tulibaki hivyo mpaka leo asubuhi. Mrisho wa Kibiti, aliyekuwa kajificha kwetu tangu mwaka jana, akatoka ndani, tukimshika kanzu asiende. Akasimama mbele ya karani, akafunua tumbo. Mshono ulikuwa unang'aa.

"Risasi hii nilipigwa Agosti mwaka jana," akasema. "Aliyenishona ni Biasha. Kilichokufa Januari kingenishonaje?"

Karani akachovya kalamu haraka. Muasi kajileta mwenyewe. Ila akakwama. Ushahidi wa uasi ni ule mshono, na mshono hauandikwi kwa jina la mdudu aliyekwisha kufa. Ili ampate Mrisho, ikambidi akifute kile alichokiandika, aandike upya: "Alishonwa na mtu mmoja, mwanamke, Biasha binti Kondo." Mrisho akafungwa kamba, sisi tukapewa ruhusa ya kuchimba. Neno lililokuwa haki ya marehemu tangu kuzaliwa limelipiwa kwa shingo ya mtu mwingine, na hatutawasamehe kwa hilo.

Marehemu ameacha watoto watatu, Swalehe, Mwanaidi na Maneno, wajukuu saba wenye majina na kumi na wawili ambao bado, na kaka yake Khamisi. Ameacha pia Mrisho, ambaye wakati huu anapelekwa bomani kwa mtumbwi. Tumtie katika dua kabla hatujafukia.

Mtu huyu na apumzike kwa amani.