Mwokaji Aliyeambiwa Asubiri

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi binti yake wa kwanza nawasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Bado, naye akaitika bila kinyongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1962, na mwaka huohuo, Jumapili ya tarehe 22 Aprili, alipiga magoti kwa mara ya kwanza kupokea meza ya Bwana, kanisa likiwa limefurika, lakini mchungaji alipomfikia alimwambia neno moja tu, "Subiri," akageuka na kwenda zake. Baba alisubiri, kisha woga ukamwingia, akaamini kwamba Mungu amemchungulia moyoni na kumkataa mbele za watu, akainuka akatoka nje, na siri hiyo akakaa nayo miaka sitini na miwili.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate, akaanza kwa kubeba magunia ya unga hadi akawa msimamizi wa tanuri, akastaafu tarehe 30 Juni 2008. Tarehe 4 Desemba 1971 alimuoa mama yetu, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu. Mkate wa meza ya Bwana aliuoka yeye kila Jumamosi, wala hakuwahi kuuonja, na akiulizwa alijibu, "Bado," huku akitania kwamba mpishi hushiba harufu, lakini sisi tuliokaa naye benchi la nyuma tulimwona akilowa jasho kila watu walipoitwa mbele, tukajua kuogopa kabla ya kujua kusoma.

Februari 2024 miguu ilianza kuvimba, madaktari wakasema moyo umechoka, na tarehe 11 Mei akalazwa, akawa anashika ukingo wa kitanda akisema mlango utafungwa yeye akiwa nje, na kila tulipomtajia mchungaji aligeukia ukutani. Kwa kweli tuliogopa kumpoteza mara mbili. Tarehe 19 shangazi yetu, dada yake mkubwa, aliyekuwapo kanisani siku ile, alipombana ndipo akaitoa siri, na shangazi akapiga kelele wodini, "Mdogo wangu, sahani ilikuwa tupu! Alikwenda kuongeza mkate, akarudi akakutafuta!"

Tulidhani atafurahi, kumbe alizidi kuogopa, akataka kwanza afunge siku tatu, aungame dhambi zake moja moja tangu utotoni, aoke mkate kwa mikono yake, na mchungaji wetu wa sasa, ambaye tulikwisha kumwita, akamwambia, "Mzee, wewe fungua mdomo tu." Kila mmoja wetu aliogopa kulisikia lile "Bado". Baba alifumba macho, akafungua mdomo, akala. Sijui kama hofu ilimtoka, maana hakuuachia ukingo wa kitanda, ila alitii.

Alifariki tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na maji, na wafanyakazi wenzake mliobeba jeneza. Nami nakiri mbele yenu kwamba sijawahi kutoka benchi lile la nyuma, na Jumapili hii nitakwenda mbele, naogopa, lakini nitakwenda.

Pumzika kwa amani, Baba, ulipokewa.