Godoro la Friji

Bajaji ilipoacha lami kuelekea yadi ya malori, Sekela aliikumbatia trei yake ya mayai na kutega sikio. Abiria wenzake wawili, ambao hata majina hawakuwa wameulizana, walikuwa wanabishana kuhusu friji.

"Friji la nyumbani haliwezi maisha ya lori, kaka yangu," alisema mama mwenye furushi la vitenge. "Mashimo haya yatalimaliza. Si ununue yale madogo ya kwenye magari?"

"Langu lilikufa, mama, na bei ya jipya niliikimbia," akajibu yule abiria mwingine, dereva wa lori. "Hili nimelitoa sebuleni. Linakula umeme wa betri kupitia inverta. Nimelifunga mkanda, na godoro langu nimelizungushia lisitikisike."

Godoro! Sekela akageuka kumtazama vizuri.

"Yote hayo kwa ajili ya soda baridi?" mama akauliza.

"Sindano zangu za sukari, mama. Foleni ya kuvuka mpaka kuingia Nakonde ikigoma, joto la kabini linaziharibu."

Mama akaliweka sawa furushi lake. "Pole, kaka. Lakini litakufa tu."

"Limefika Lubumbashi na kurudi."

"Bahati hiyo."

Bajaji ikasimama ubavuni mwa lori. Dereva wa lori akafungua mlango wa kabini. Friji jeupe lilisimama palipokuwa na kitanda, limeviringishwa godoro la maua hadi shingoni, likinguruma taratibu. Kwenye kiti anacholalia palikuwa na koti moja lililokunjwa. Sekela, aliyedhani mayai yake ndiyo mzigo unaobembelezwa kuliko yote Tunduma, akajikuta anaongea kwa kunong'ona, kama aliye karibu na mtoto aliyelala.