Kofia za Ermintine na Wageni Wasiosalimu

Banda la dada yangu Ermintine liko kwenye kona ya gati hapa Salt Cay, kisiwa chetu kidogo cha Karibi, na benchi letu liko mbele yake. Mbele kabisa, yaani anayetaka kofia lazima apite katikati ya magoti yetu. Dada anasuka ukili, anashona kofia pana za ukindu, na kahawa anatupa bure, kwa kuwa mimi ni kaka yake na wenzangu wameshindikana. Siku hiyo boti ilishusha wageni wa mwisho wa msimu wa kutazama nyangumi. Asubuhi dada alikuwa ameniambia, bila kupandisha sauti: "Leo nisipouza hata kofia moja, nafunga banda. Nakwenda kisiwa cha Provo kufua mashuka ya hoteli." Nikaomba kahawa nyingine.

Tulikuwa watatu. Kapteni, anayetapika hata boti ikiwa imefungwa gatini. Redio, ambaye hazimiki. Na mimi, wanayeniita Hakimu kwa sababu sijawahi kuamua jambo.

Wageni wakapita. Wakaziangalia kofia, wakatuangalia sisi, wakapanda vigari vya kukodi kwenda kuona mabwawa ya chumvi.

Redio: Mmeona? Wamepita kama wanapita makaburini! Hata "habari za asubuhi" hakuna.

Kapteni: Si ungewasalimu wewe?

Redio: Mimi? Hodi hapigi mwenye nyumba, bwana! Bibi yangu alimnyima mchungaji maji ya kunywa kwa kutosalimu.

Mimi: Na alifanya haki. Asiyesalimu haambiwi bei.

Ermintine, kutoka ndani: Mimi nawasalimu kila siku. Sauti inaishia kwenye migongo yenu.

Kapteni: Tatizo si salamu, tatizo ni vigari. Haraka haraka haina baraka. Mtu anazunguka kisiwa kizima, anarudi kahawa yako haijapoa. Jua litamchoma saa ngapi mpaka atamani kofia? Barabara zipindwepindwe, wapotee kidogo.

Redio: Wapotelee wapi, na hapa ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya? Sikilizeni. Ni punda hawa wanaozurura.

Kapteni: Punda wamefanya nini tena?

Redio: Wanazila kofia! Mgeni akimwona punda anatafuna kofia, anajiambia, kumbe ni majani. Nani anunue chakula cha punda akivae kanisani? Punda afe, mzigo ufike!

Mimi: Methali hiyo inahusu nini hapo?

Redio: Si ina punda?

Kapteni: Ina punda kweli, Hakimu. Mwachie.

Nikaona nami nisibaki nyuma.

Mimi: Nyie wote hamjui. Ni nyangumi.

Redio: Ehee!

Mimi: Mgeni kashinda baharini anamtazama nyangumi. Kiumbe kikubwa vile, kichwa kama nyumba, hakina kofia, na hakiungui. Mgeni anarudi anajiuliza, sasa mimi na kichwa changu hiki kidogo, ya nini?

Wakanitazama kwa heshima. Kapteni hata akatikisa kichwa.

Kapteni: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Redio: Wewe tezi ulikwenda lini usitapike?

Ermintine: Mkishamaliza nyangumi, sogezeni magoti.

Hakuna aliyesogea. Tulikuwa tumefika pazuri.

Hapo akaja mama mmoja mgeni, peke yake, kwa miguu, pua imeiva kwa jua. Akasimama mbele yetu.

— Habari za asubuhi, nyote.

Lo! Tuliruka kama tumekalia moto. Kapteni akashika benchi, akalivuta pembeni, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu.

Redio: Njema, mama, njema sana! Karibu! Kofia hizi upepo hauzing'oi!

Kapteni: Na kwa jua la hapa, bila kofia hii ubongo unachemka, mama. Nakuapia.

Mimi: Hii ndiyo Salt Cay yenyewe. Bibi zetu walizivaa bwawani wakikusanya chumvi. Hakuna kofia kama hii duniani.

Mama akachukua moja, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono. Kisha akatuangalia vichwani, mmoja mmoja. Mimi nina kapelo ya timu ya mpira ya Marekani. Redio, kapelo ya kiwanda cha rangi. Kapteni, kapelo aliyoiokota baada ya mgeni kuisahau gatini.

— Ni nzuri kweli, akasema. Nauliza tu, msinichukie. Mbona hakuna hata mmoja wenu aliyeivaa?

Redio akashusha kapelo yake mpaka puani. Kapteni akageuka kuangalia bahari asiyoipenda. Mimi nikavua kapelo, nikabaki na upara wangu juani.

Mama wa watu alikuwa anangoja kwa adabu. Nyuma yake dada yangu alikuwa ameacha kusuka, ukili unaning'inia mkononi, na macho yake hayakuwa kwa mgeni, yalikuwa kwangu. Nilitamani ardhi inimeze.

— Mjibu mgeni, kaka, akasema.