Farasi Aliyeguswa: Maisha ya Mwalimu Telesphor Kasonso, 1931–1979

Mwalimu Telesphor alikuwa na sheria moja mezani: kete ukishaigusa, umeicheza. Hakumsamehe mtu. Yeye mwenyewe aliivunja mara moja, na aliniagiza mimi mdogo wake niseme hivyo leo mbele yenu.

Alizaliwa Usevya tarehe 5 Januari 1931. Alisoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mwaka 1953. Huko chuoni padre mmoja alimfundisha sataranji, yaani mchezo wa chesi. Alifundisha Usevya, Sitalike, na tangu 1968 hapa Mpanda.

Mwaka 1955 alifunga ndoa na Pelagia. Shemeji hajasahau mbao za mninga alizonunua ziwe kabati, zikaishia kuwa kete za askari na farasi.

Mwaka 1974 alimfundisha mchezo huo Venant, mkimbizi wa Burundi aliyelima tumbaku Katumba. Alimpa hata ufunguzi wake mwenyewe: askari wa mfalme asonge hatua mbili, kisha wa pembeni yake atolewe aliwe, ili njia ya kushambulia ifunguke. Venant alishika upesi. Watu wakaanza kumsifu, na wivu ukamwingia kaka yangu. Aliposikia kengele ya baiskeli ya Venant uani, alifunika ubao kwa kitenge na kusema anasahihisha madaftari.

Tarehe 26 Desemba 1976 walikutana kwenye fainali ya mashindano ya sataranji katika ukumbi wa parokia. Venant alianza kwa ufunguzi uleule.

"Mwalimu leo anachapwa kwa fimbo yake!" watu wakacheka.

Marehemu alishika farasi, akaona akimwondoa hapo malkia wake ataliwa, akamwachia. Akasogeza askari.

"Mwalimu, umegusa farasi," Venant alisema.

"Nilikuwa namweka sawa tu. Nani ameona?"

Nilikuwa nimekaa karibu. Niliona, nikanyamaza kama wengine.

"Haya, mwalimu. Endelea."

Kaka alishinda. Venant alimpa mkono, akapanda baiskeli yake, hakurudi tena.

Februari 1979 marehemu aliugua figo. Mwezi Mei alimtuma mwanawe Bartolomeo apeleke ubao Katumba na kuomba mchezo mmoja. Ubao ulirudishwa na maneno haya: "Mwambie mwalimu apone. Mimi niliacha kucheza." Kaka alifariki tarehe 3 Agosti katika hospitali ya Mpanda.

Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu wawili. Mungu amsamehe na ampe pumziko.

Ushindi ule ulimgharimu rafiki. Kwa miaka miwili na nusu aliyobakiza, alicheza peke yake.