Mita Tatu Nukta Mbili za Chumba cha Chai: Kumuaga Bwana Neville Oosting

Msumari wa zamani uking'olewa kwenye ubao mkavu hulia kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Niliusikia mlio huo Jumamosi moja ya Agosti 2020, nikiwa nimeketi kwenye ngazi za studio na simu mkononi, na tangu siku hiyo kila nikiusikia humwona Bwana Neville Oosting. Alhamisi hii, tarehe 28 Novemba 2024, Bwana Nev anastaafu baada ya kuitumikia Studio ya Dansi ya Treloar, hapa Burnie, kwa miaka thelathini na moja.

Alikuja mwaka 1993 kuziba paa, kazi ya siku mbili. Paa bado linavuja juu ya piano. Miaka yote hii amekuwa akisema kwamba haondoki kabla ya kulimaliza. Mwezi uliopita alikubali kwamba paa limeshinda. Katikati ya vita hivyo alichonga fito zote ambazo watoto hushika wanapojinyoosha, akabadilisha sakafu mara mbili, na kwa miaka mitatu mfululizo akawa miguu ya nyuma ya ng'ombe wa kitambaa, yule anayevaliwa na watu wawili, katika onyesho la mwisho wa mwaka. Mwaka wa nne alipewa kichwa. Alikikataa, akasema huko mbele kuna kufikiri kwingi.

Mwaka 2004 alijijengea chumba cha chai kwenye pembe ya ukumbi: birika, kiti kimoja, redio ya kusikilizia kriketi, na mlangoni tangazo lililosema, "Piga hodi, kisha nenda zako." Aliomba chumba hicho kwa miaka kumi na moja kabla ya kukipata. Ninaomba msomaji alikumbuke hilo.

Korona ilipokuja tulifunga, na tulipofungua tena mwezi Juni Bi. Glenys Treloar, mwenye studio na mwalimu wetu mkuu, alikuwa ameandika masharti thelathini na manne. Alituita kikaoni akauliza nani kati yetu ana futi ya kupimia.

"Mimi ninayo," Bwana Nev akasema, "lakini ni ya—"

"Basi wewe ndiye Afisa Usalama."

Akaitenda kazi hiyo kama mtu aliyezaliwa nayo. Alikata fimbo ya mita moja na nusu, akaipaka rangi ya chungwa, akatembea nayo kila mahali. Alichora sakafuni miraba kwa utepe wa manjano, mtoto mmoja mraba mmoja. Darasa la wadogo kabisa alilihutubia mwenyewe, na walimsikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi. Wiki mbili baadaye tulifanya zoezi la moto. Kengele ikalia, wakubwa wakatoka mbio, wadogo watano wakabaki kwenye miraba yao, wima kama mishumaa.

"Tokeni nje! Moto!" Bwana Nev akapiga kelele.

"Bwana Nev," akajibu Percy Lovell, mwenye miaka minne, "ulisema tusitoke hata nyumba ikiungua."

Alikuwa amesema hivyo kweli, neno kwa neno. Jioni ile tukapata sharti la thelathini na tano.

Lakini sharti lililotuuma halikuwa letu. Serikali ilitaka mita nne za mraba kwa kila mtu aliye ndani. Ukumbi wetu ulikuwa na mita arobaini na nane nukta tatu. Darasa la Jumanne lilikuwa na watoto kumi na mmoja na Bi. Glenys, jumla watu kumi na wawili, tukatosha. Mwezi Agosti akarudi Imogen Quigg. Alikuwa na miaka saba. Bibi yake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo familia ilijifungia kuliko sisi wote, na kwa miezi mitano Imogen alicheza peke yake jikoni, akishika mlango wa friji badala ya fito. Akawa mtu wa kumi na tatu, na watu kumi na watatu walihitaji mita hamsini na mbili. Hakukuwa na nafasi katika darasa jingine lolote la umri wake.

Ijumaa Bi. Glenys aliniambia nimpigie mama yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwalimu msaidizi wa mwaka wa kwanza, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote habari mbaya. Niliandika maneno ya kusema kwenye karatasi mara nne. Jumamosi nikaja studio nikidhani ngazi zake zitanipa ujasiri ambao chumba changu kilininyima. Ndipo nikasikia msumari.

Niliingia nikamkuta Bwana Nev amepiga magoti ndani ya chumba chake cha chai, nyundo mkononi, ukuta mmoja umeshalala chini. Birika na redio vilikuwa juu ya piano.

"Unafanya nini?"

"Natafuta mita nne. Umeshampigia yule mama?"

"Bado."

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo. Hiyo kazi unaiweza."

Jumatatu asubuhi alimwita Bi. Glenys, wakapima pamoja, yeye akishika mwanzo wa futi na bosi akisoma mwisho. Chumba kilikuwa kimezaa mita tatu nukta mbili. Jumla ilikuwa hamsini na moja na nusu.

"Bado, Neville. Pole sana. Umejitahidi."

Bwana Nev alikuwa akitazama chini, kwenye zile mbao zilizozunguka ukumbi mzima pale ukuta unapokutana na sakafu, kila ubao na unene wa sentimita mbili. Akachukua nyundo. Bi. Glenys akafunga macho. Ilipofika saa nane mchana mbao zote zilikuwa nje kwenye nyasi, wakapima tena, ikatoka hamsini na mbili nukta sifuri nane.

"Na hizo nukta zilizozidi ni za nani?" Bi. Glenys akauliza.

"Zako, bosi. Usije ukanenepa."

Jumanne Imogen alisimama kwenye mraba uliochorwa pale palipokuwa na kiti cha Bwana Nev. Ningependa kuandika kwamba alikuja kuwa nyota wetu. Hakuwa. Mpaka leo hugeukia kushoto wenzake wakigeukia kulia, na hugeuka kwa furaha kubwa.

Wazazi hawakuruhusiwa kuingia. Mama yake Imogen, Bi. Donna, huendesha lori la maziwa, na akagundua kwamba akiliegesha sambamba na dirisha anaona darasa zima kutoka juu. Wiki ya pili nilihesabu akina mama watano wamebanana mle ndani ya lori, mbele kwa dereva, kama samaki wa kopo. Bwana Nev akatoka na fimbo yake ya chungwa.

"Mita moja na nusu, mabibi!"

"Nev, mpenzi," Bi. Donna akamjibu kupitia kioo, "nikikaa mita moja na nusu kutoka kwa huyu, nitakuwa juu ya paa."

Wiki iliyofuata alimletea ngazi.

Chumba chake hakukijenga tena, wala hakuomba. Tangu siku hiyo hunywa chai ndani ya gari lake, kriketi ikisimuliwa, madirisha yamejaa mvuke. Siku moja nilipomuuliza kama hakitamani, alisema gari lina kiti cha pili, kwa hiyo amepandishwa cheo.

Bwana Nev, tunakushukuru kwa fito, kwa sakafu, kwa miguu ya nyuma, na hata kwa paa. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, mgongo usiouma, na mechi ndefu zisizokatizwa na mvua. Mkeo Bi. Aaltje ametuahidi kwamba nyumbani hakuna cha kupima.

Limebaki jambo moja, nalo ninaliandika hapa kwa sababu Bi. Glenys atalisoma leo akiwa amezungukwa na watu. Mwezi uliopita aliamua kwamba kwa kuwa masharti yamekwisha na Bwana Nev anaondoka, ukuta ule urudi na pembe iwe duka la viatu na sketi. Darasa la Jumatatu sasa lina watoto kumi na watano. Pembe ikizibwa, watatu hawatakuwa na pa kusimama. Nilipewa majina yao na namba za wazazi wao. Bi. Glenys, nimepiga simu moja tu. Nilimpigia fundi wa kuujenga ukuta, Jumatano, nikamwambia asije, na mbao alizokuwa ameshusha uani amekwisha kuzichukua.